Hatua Arobaini na Tatu hadi Barabarani

Nyinyi mliobaki ofisini mmenipa daftari na kuniomba niandike jinsi ya kupokea wageni wakubwa wawili wasiopendana. Nimehesabu kurasa: arobaini na nane. Nimerudia: arobaini na saba. Moja ilichanwa kabla daftari halijanifikia, na aliyeichana namjua. Sitamtaja. Inatosha ajue kwamba najua.

Habari za vyeo hamtazipata humu. Vyeo vyangu viko kwenye faili, faili iko kabati la tatu, kama panya hawajamaliza kuisoma. Nitaandika yale ambayo hayako kwenye faili, hasa kosa langu moja kubwa, kwa sababu nyinyi mtalifanya pia na ni heri mlifanye mkiwa na habari.

Siku yangu ya kwanza kwenye dawati la itifaki na wageni, hapa Kisumu, nilifungua mlango wa chumba cha mikutano nikamkuta mzee amepiga magoti chini ya meza. Nikadhani anasali, nikainamisha kichwa. Alikuwa anapima. Mkononi alikuwa na futi ya fundi wa nguo, ile laini ya kujikunja, na alikuwa anaipandisha kwenye mguu wa kiti.

"Wewe ndiye mpya?" akauliza bila kutoka huko chini.

"Ndiyo, Mzee."

"Viti vingapi humu?"

Nikahesabu. "Kumi na vinne."

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena. "Kumi na vinne, Mzee."

"Vizuri. Sasa niambie kipi kirefu kuliko vingine."

Kulikuwa na kimoja, kilizidi kwa upana wa vidole viwili. Wiki iliyotangulia mgeni mmoja alikikalia bila kujua, na mshindani wake akakaa mkabala naye, chini kidogo, akaongea mkutano mzima kama mtu anayeita kutoka shimoni. Mazungumzo yakavunjika. Kila mtu alilaumu siasa. Mzee Obonyo, kwa maana huyo ndiye aliyekuwa chini ya meza, alilaumu kiti. Tulikikata miguu siku hiyo hiyo.

Alinifundisha miaka tisa. Bendera ndogo za mezani zioshwe pamoja, zianikwe pamoja, ili moja isipauke kabla ya nyingine. Chai itoke kwenye chupa moja, imiminwe wote wakiona. Mandazi yalingane. Msicheke: nimewahi kuona mshauri wa balozi akiangalia andazi la mwenzake kwa macho ambayo si ya njaa. Na jina la nchi lisitajwe kwenye korido. Dola kubwa ya mashariki ya dunia aliiita Nyamasaria, kwa sababu Nyamasaria iko mashariki ya mji wetu, kwenye barabara ya Nairobi. Dola kubwa ya magharibi aliiita Otonglo, kwa sababu ukitoka mjini kuelekea Busia unapita Otonglo. "Nyamasaria wanakuja saa nne, Otonglo wamenuna." Karani akisikia hivyo alidhani tunazungumzia bei ya nyanya. Nitayatumia majina hayo hapa pia. Mazoea hayastaafu.

Mzee alikuwa ameanza kazi kwa kubeba trei ya chai, wakati ule mwingine ambapo dunia iligawanyika pande mbili. Alikuwa akininyooshea kidole dirishani: kuna hospitali mjini ambayo wazee bado wanaiita kwa jina la nchi iliyoijenga. "Nchi yenyewe ilishabadilisha jina," alisema. "Vitanda vipo. Siku zote uliza nini kitabaki wakishaacha kupendana na sisi."

Mambo mengine niliyajua kabla yake. Mimi ni mtoto wa soko la Kibuye, nimelelewa nyuma ya gunia la mama yangu la omena, dagaa wetu wa ziwani, na Mzee aliniita hivyo mpaka mwisho: nyar Kibuye, binti wa Kibuye. Wanunuzi wawili wakisimama pamoja mbele ya gunia, mama hakumwambia yeyote kwamba wewe ndiye wangu peke yako. Wala hakumwambia yeyote aende. Mmoja alimfungia, mwingine alimpa wa kuonja, na macho yake yakawa katikati. Lakini siri haikuwa hapo. Siri ni kwamba kabla ya kufungua gunia asubuhi alikuwa anajua anachotaka kurudi nacho nyumbani: unga, sabuni, mafuta ya taa. Mnunuzi akija na maneno matamu kuhusu kitu kingine, mama alimsikiliza kwa heshima kama anayesikiliza redio ya jirani.

Miaka kadhaa baadaye nilimpeleka Ahero mgeni kutoka nchi moja inayoinukia. Nilipokuwa shule, nchi hiyo tuliichorea picha za njaa. Sasa inarusha mitambo angani. Tukiwa garini nilimuuliza, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka: "Samahani, Bwana. Nyinyi silaha mnanunua kwa huyu, mazoezi ya jeshi mnafanya na yule, mafuta mnachukua kwa aliyewekewa vikwazo. Hivi mko upande gani?"

Aliangalia nje, mpunga ulikuwa umesimama majini. "Mama," akasema, "tuko upande wa wali wetu." Halafu akauliza huwa tunavuna mara ngapi kwa mwaka.

Kwenye redio wataalamu wanazungumza saa nzima kuhusu jambo hilo na majina yake marefu. Sijasikia waliloongeza.

Sasa kosa langu.

Kuna bichi moja upande wetu wa ziwa, nitaiita Rawera, ambako wanawake wananunua samaki kutoka kwenye mashua na kuwauza. Walikuwa thelathini na mmoja. Niliporudia kuhesabu walikuwa thelathini na wawili, maana mmoja alikuwa ameenda kujifungua akarudi. Kiongozi wao ni Mama Seline Akoth, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mashua zilizo mbali. Shida yao ilikuwa barafu. Ngege aliyevuliwa alfajiri, saa nne ameanza kulainika, na wenye malori wa kutoka mbali walilijua hilo. Walikuwa wanaegesha, wanazima injini, wanakaa tu. Jua ndilo lililokuwa linawafanyia mazungumzo.

Niliandika orodha pamoja na Mama Seline, tumekaa juu ya kreti zilizopinduliwa: mashine ya barafu, chumba cha baridi, maji safi, na mafundi wawili wa hapa hapa wanaojua kuirekebisha. Ndipo nikaenda kwa wakubwa wa dunia. Otonglo walikubali chumba cha baridi na maji. Nyamasaria walikubali mashine ya barafu, na wakawa na mhandisi wao nchini, ila alikuwa anaondoka mwisho wa mwezi. Mashine bila chumba ni barafu inayoyeyuka. Chumba bila mashine ni ghala. Mmoja akijitoa, yote yamekwisha.

Niliwapokea siku tofauti. Viti sawa, chai sawa, mandazi nilipima kwa futi ya Mzee, aliyoniachia alipostaafu. Jumanne walikuja Nyamasaria. Tulipomaliza, mvua ilikuwa imetoka ziwani kwa hasira, nikawaaga kwenye ngazi, chini ya kibaraza, wakakimbilia magari. Alhamisi walikuja Otonglo. Jua lilikuwa zuri. Kiongozi wao alikuwa ananisimulia habari za mbwa wake, na mbwa mwenyewe alikuwa na vituko, tukatembea hadi getini, tukavuka geti, tukafika barabarani bila mimi kuona. Nikawapungia mkono mpaka gari likapotea.

Mnajua tayari. Mtu yeyote wa huku anajua. Mgeni unayetaka arudi, unamsindikiza.

Nyamasaria wenyewe wasingejua. Lakini mkalimani wao alikuwa Bwana Ouma, mzaliwa wa Kondele hapa hapa mjini, na Alhamisi ile Ouma alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai mkabala na geti letu, na chapati mbili.

Jumatatu ikaja barua: wanahitaji muda wa kutafakari. Mhandisi aliyekuwa aje kupima Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Alhamisi alikuja Mama Seline, na karai kichwani. Akapita kwa askari, akapita kwa karani, akalitua karai juu ya dawati langu, katikati ya bendera mbili. Ngege kumi na wanane, macho yamefifia, harufu imefika kabla yao.

"Mama Seline, hii ni nini?"

"Nyinyi mnaandikiana barua," alisema. "Hii ni yangu. Isome."

"Ninashughulikia."

"Risper, unashughulikia viti. Mimi nina watoto wanne kwenye hawa samaki. Mwisho wa mwezi ni siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Hesabu tena, wewe unayependa kurudia."

Zilikuwa kumi na moja.

Jioni nilikwenda Milimani, ambako Mzee Obonyo alikuwa anaishi kwa binti yake, kwenye kiwanja chenye majani yaliyokatwa sawasawa mpaka nikashuku futi nyingine. Nilimweleza kila kitu, na kwamba nikirudi kutoka barabarani nilimwona Ouma kibandani. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mvua ilikuwa inanyesha," nikasema.

"Nyar Kibuye, mvua haiandikwi kwenye ripoti. Hatua zinaandikwa."

"Nitawaandikia barua ya samahani."

Akafumbua macho. "Ukiandika samahani, nakala itafika Otonglo kabla ya chai ya saa nne, nao watataka samahani yao. Usiandike kitu. Nenda kwa yule wa kibandani, bila shaka alikuwa anahesabu. Mtu anayehesabu ana bei." Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe unapaswa kujua."

Kesho yake asubuhi nilivuka barabara. Ouma alikuwa pale pale kibandani.

"Madam Risper! Karibu chai. Au nikusindikize kwanza?"

"Acha mbwembwe, omera, ndugu yangu. Uliwaambia nini wakubwa wako?"

"Ukweli. Kwamba kwetu anayetakiwa kurudi anasindikizwa, na asiyetakiwa anaambiwa 'haya basi' mlangoni. Sisi tuliambiwa 'haya basi' mlangoni."

"Mvua ilikuwa inanyesha!"

"Na miavuli unayo miwili ofisini. Nimeiona."

Ilikuwa mitatu, lakini mmoja ulikuwa umevunjika mbavu, kwa hiyo sikubisha.

"Wenzetu uliwapeleka mpaka barabarani," akaendelea. "Hatua arobaini na moja kutoka getini. Nilihesabu."

"Arobaini na tatu."

"Arobaini na moja, Madam. Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

"Ulihesabu miguu ya wageni, mirefu ile. Simama."

Tulivuka tukaenda kuhesabu. Mimi arobaini na tatu, yeye arobaini na moja. Tukarudia. Hivyo hivyo. Mama mwenye kibanda alikuwa ameacha chapati zikiungua, anashika mbavu. "Wazee wazima!" akapaza sauti. "Mnapima kiwanja au mnacheza kati kama watoto?"

Ouma alicheka kwanza, nami nikacheka, na tuliporudi kukaa aliongea kama mtu, si kama barua.

"Nikwambie, Madam. Hatua zako zilikuwa kisingizio. Wakubwa wangu walisikia kwamba Otonglo wameahidiwa mlango wa mbele, na bango lao juu yake. Sisi tutakuwa nyuma, karibu na choo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimepima kila kitu ofisini na sikupima jengo. Nilitoa mchoro kwenye mkoba nikautandaza kati ya vikombe. Samaki, nikamwambia Ouma, anaingiaje? Kutoka ziwani. Anapata barafu hapo hapo. Anaenda chumba cha baridi. Anatoka kwenda barabarani. Basi nyumba ya mashine iangalie ziwa, na chumba cha baridi kiangalie barabara. Milango miwili, yote ya mbele. Nyamasaria watapiga picha na maji nyuma yao, Otonglo watapiga picha na lami, na hakuna atakayemwona mwenzake kwenye picha.

Ouma aliugeuza mchoro, akaugeuza tena. "Na mabango?"

"Yatalingana. Nitapima mwenyewe."

"Na funguo?"

"Zote kwa Mama Seline. Na mafundi wawili wa hapa wafundishwe kabla mhandisi hajaondoka, na vipuri viwe vya aina inayopatikana mjini."

"Hayo ya vipuri yatakuwa magumu."

"Ndiyo maana ninaanza na wewe na si wao."

Alikunywa chai yake mpaka mwisho. "Uwalete bichi," akasema. "Ofisini kwako wameshanuna. Na safari hii usiwasindikize wewe. Waache akina mama."

Siku ya sita kabla ya mwisho wa mwezi, Nyamasaria walikuja Rawera. Kiongozi wao alikuwa mwanaume mkimya, viatu vinang'aa. Alitazama mashua, akatazama malori yaliyoegeshwa yakingoja jua lifanye kazi yake, akamgeukia Mama Seline na kusema jambo refu. Ouma akatafsiri: "Anauliza, kati yao na wale wengine, nani rafiki yenu wa kweli?"

Hilo swali nimelikwepa maisha yangu yote ya kazi kwa njia nyingi, na hakuna hata moja niliyokuwa nimemfundisha Mama Seline.

"Mwambie barafu," alisema.

Ouma akasita. "Nimwambie barafu?"

"Kwani umesikia samaki? Mwambie barafu. Akileta barafu atanikuta hapa. Asipoleta, hata nikimpenda namna gani, saa nne samaki ameoza."

Ouma akatafsiri. Nikaanza kuhesabu muda, na sikupata nafasi ya kurudia, kwa sababu yule mtu alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Nilimkumbuka yule wa mpunga. Yeye alikuwa na nchi kubwa nyuma yake, na wizara, na mitambo angani. Mama Seline alikuwa na karai. Walikuwa wamesema kitu kimoja.

Walipoaga, wanawake wote thelathini na wawili waliinuka. Wakawazunguka wageni, wakaanza kuimba, wakawasindikiza kutoka majini, kupitia vichanja vya omena, kupitia lile tope jeusi, mpaka kwenye lami. Kiongozi alijaribu kuaga mara tatu njiani na mara tatu Mama Seline akamwambia bado. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope. Kilirudishwa na mwanamke mmoja aliyekibeba kichwani kama sufuria. Hatua mia tatu na tisa. Ouma naye alipata mia tatu na tisa, na hapo nilijua tumepatana.

Mhandisi alifika kesho yake, akawafundisha mafundi wetu wawili kabla ya kuondoka. Siku mbili baadaye nikawaleta Otonglo, njia ile ile, nyimbo zile zile. Dereva wao, kwa kutaka kusaidia, alisogeza gari karibu. Nikamwambia alirudishe.

Milango ile miwili ipo. Mabango yanalingana, nilipima kabla ya rangi na baada ya rangi. Malori siku hizi hayazimi injini, wenyewe wanashuka haraka kuulizia bei. Na mwaka ambao dola zile mbili ziligombana kwa jambo la mbali ambalo ziwa letu halikuwa na habari nalo, moja yao, sitaji ipi, ilisimamisha mambo yake huku kwa miezi mingi. Mashine ikaharibika mwezi huo huo, kama kawaida ya mashine. Mmoja wa wale mafundi wawili alienda mjini asubuhi, akarudi na kipuri mchana, na samaki hawakujua kwamba dunia imegawanyika.

Kwa hayo ninashukuru. Namshukuru Mzee Obonyo, aliyeniachia futi na hakuwahi kuniambia nimefanya vizuri, ila aliacha kuniambia nirudie. Namshukuru Ouma, ambaye angeweza kunimaliza akachagua kunihesabia. Namshukuru Mama Seline kwa karai lile. Harufu ilikaa ofisini wiki mbili na ilifanya kazi kuliko mimi.

Siku yangu ya mwisho mlinipa keki, nayo ilikatwa vipande visivyolingana, nikanyamaza. Mlinisindikiza hadi ngazini, baadhi yenu hadi getini, na sina kinyongo, mlikuwa na kazi. Nilipovuka geti nikawakuta wanawake wa Rawera barabarani, na Mama Seline mbele, na Ouma kwenye kibanda chake na chapati. Walinichukua. Walinipitisha njia nzima mpaka kwangu, wakiimba, na kila nikisema "haya basi, inatosha" Mama Seline alisema bado. Nilikuwa nalia, kwa hiyo hesabu ilinipotea.

Usiku Ouma alinitumia ujumbe. Alikuwa ametufuata kwa nyuma. "Elfu mbili, mia moja na sita, Madam. Nimehesabu mara moja tu."

Kesho yake asubuhi na mapema, kabla watu hawajajaa barabarani, nilirudi mpaka getini kwenu, nikageuka, nikatembea peke yangu hadi nyumbani, polepole. Ni elfu mbili, mia moja na arobaini. Nimerudia.